Wasomaji Wauliza: Meno ya Mbwa na Yaliyo Chini ya Ufizi

Barua zinazouliza habari za vinywa vya mbwa zimekuwa nyingi, nasi tumeona ni vyema katika toleo hili tuzitengee safu nzima. Anayejibu ni daktari wa mifugo ambaye kazi yake ya kila siku ni kutibu mbwa na paka. Barua nyingine zimefupishwa, na majina ya walioziandika yamehifadhiwa.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa dume wa kienyeji mwenye umri wa miaka 4. Tangu mwaka jana kinywa chake kinatoa harufu mbaya kiasi kwamba watoto hawataki tena kucheza naye. Jirani yangu husema mbwa ni mbwa, hana budi kunuka, na kwamba nikimpa mifupa ya kutosha meno yatajisafisha yenyewe. Mifupa ninamletea kila wiki kutoka buchani, lakini harufu haiishi. Chakula chake cha kawaida ni ugali na dagaa. Nifanye nini? (Mfugaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kinywa cha mbwa mwenye afya hakinuki uozo. Pumzi yake inaweza kuwa na harufu ya dagaa aliokula asubuhi, nayo huondoka baada ya muda. Harufu inayodumu usiku na mchana kwa miezi ni kazi ya bakteria, na kwa kawaida hutoka mahali usipopaona, yaani katika upenyo mwembamba ulio kati ya jino na ufizi.

Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, mate na bakteria huanza kulifunika kwa utando laini ambao ni vigumu kuuona kwa macho. Utando huo ukiachwa kwa siku 2 au 3, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ukoga mgumu wa rangi ya manjano au kahawia, na hapo mswaki hauuwezi tena. Mate ya mbwa yana hali ya alkali kuliko ya binadamu, ndiyo maana mbwa hupata ukoga mwingi huku meno yake yakitoboka kwa nadra, kinyume kabisa na watoto wetu wapenda peremende. Ukoga huo unachukiza kuutazama, lakini madhara makubwa huletwa na bakteria wanaoendelea kupenya chini ya ufizi. Mwanzoni ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoa damu ukiguswa. Katika hatua hiyo ugonjwa hupona kabisa iwapo meno yatasafishwa na kuendelea kutunzwa. Hatua inayofuata ni ya nyuzi zinazolishikilia jino pamoja na mfupa wa taya kuanza kuliwa, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi. Wengi wa mbwa waliopita umri wa miaka 3 wana kiasi fulani cha ugonjwa huu, kwa hiyo wa kwako si kioja, ila anahitaji kuchunguzwa.

Kuhusu mifupa, jirani yako amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoniletea wagonjwa. Ni kweli kwamba kutafuna kitu kigumu hukwangua ukoga wa juu, hasa kwenye magego. Lakini mfupa haufiki chini ya ufizi, na mfupa wa paja la ng'ombe una nguvu ya kutosha kulipasua gego kubwa la juu, ambalo ndilo jino ambalo mbwa hulitumia kukata na kuvunja. Mfupa uliopikwa una balaa jingine: huvunjika vipande vyenye ncha, vikakwama kooni, vikafunga choo au vikatoboa utumbo. Kipimo changu ni cha ukucha. Kitu ambacho hakiachi alama ukikibonyeza kwa ukucha ni kigumu mno kwa meno ya mbwa, na hapo ninajumuisha kwato na pembe zinazouzwa kama vitafunio vyake.

Watu hupenda kuniambia kwamba wanyama wa porini hawapigi mswaki na meno yao ni imara. Mwaka 1999 watafiti Steenkamp na Gorrel walichapisha matokeo ya kuchunguza mafuvu ya mbwa mwitu wa Afrika, mnyama yule yule anayewinda Ruaha na Selous, ambaye maisha yake yote hula nyama mbichi na mifupa. Takriban asilimia 40 ya mafuvu hayo yalikuwa na dalili za ugonjwa wa ufizi, na karibu nusu yalikuwa na meno yaliyovunjika. Mnyama wa porini hana wa kumlalamikia, ndiyo sababu tunadhani haumwi.

Ugali usiulaumu sana. Ni kweli kwamba ni laini na hunata kwenye meno, lakini hata chakula kikavu cha dukani, kile cha punje, hakisafishi kama wengi wanavyodhani, kwa sababu punje huvunjika mara tu ncha ya jino inapoigusa na sehemu iliyo karibu na ufizi hubaki ilivyokuwa. Mpeleke mbwa wako kwa daktari wa mifugo amchunguze, na kama ukoga umekwisha kuganda usafishwe huko. Kazi yako ya nyumbani itaanza siku atakaporudi, na maelezo yake yamo katika jibu linalofuata.

SWALI: Daktari, mbwa wetu ni Maltese wa mwaka 1. Nimemnunulia mswaki wa watoto, lakini dawa ya meno ya mbwa ni ghali na hapa Nairobi ninaipata katika maduka machache tu. Naweza kutumia hii yetu ya nyumbani? Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Lamu, anashauri nitumie kijiti cha mswaki, na shangazi anasema magadi yanatosha. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Wote wawili wanakutakia mema, lakini usifuate ushauri wa yeyote kati yao, wala usitumie dawa yenu ya meno. Binadamu husukutua na kutema; mbwa humeza kila kinachoingia kinywani. Dawa zetu za meno zina floraidi na vitu vya kutoa povu ambavyo havikukusudiwa kufika tumboni, na baadhi yake zimetiwa zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambacho kwetu hakina neno lakini kwa mbwa ni sumu. Kongosho la mbwa huipokea kwa kumwaga insulini nyingi kwa ghafla, sukari ya damu ikashuka, naye akaanza kutapika, kulegea, kuyumba na hata kupata degedege, wakati mwingine kabla ya saa moja kupita. Kiasi kikubwa zaidi huharibu ini. Kwenye maandishi ya tyubu au pakiti utaiona kama xylitol au kwa namba E967, na imo pia katika chingamu nyingi zisizo na sukari. Mbwa akila kitu hicho usisubiri dalili. Mkimbize hospitali ya wanyama pamoja na pakiti yenyewe.

Magadi na chumvi humwingizia mbwa sodiamu nyingi asiyoihitaji. Kijiti cha mswaki kimewahudumia watu wa Pwani kwa karne nyingi, nami sina la kukipinga katika kinywa cha mwanadamu, lakini mbwa hajui kukisugua, anajua kukitafuna. Nimekwisha kutoa vipande vya vijiti vilivyokingama kwenye kaakaa, vimebanwa kati ya magego ya kushoto na ya kulia, wenyewe wakidhani mnyama ana mafua kwa jinsi alivyokuwa akitokwa na mate.

Habari njema ni kwamba kinachosafisha jino ni msuguano. Dawa ya meno ya mbwa, yenye ladha ya kuku au nyama, kazi yake kubwa ni kumfanya aupende mswaki. Usipoipata, chovya mswaki katika maji safi, au katika supu ya nyama isiyotiwa chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa maana vitunguu vyote viwili humdhuru.

Usianze kwa mswaki siku ya kwanza. Kwa siku kadhaa mzoeze tu kushikwa mdomo: inua mdomo wa juu upande mmoja, gusa ufizi kwa kidole, mwachie, umpe kitu anachokipenda. Kisha zungushia kidole kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa, usugue meno ya mbele na chonge, siku hadi siku ukirudi nyuma kuelekea magego. Mswaki huja baada ya hapo, nao uwe mdogo wenye nywele laini. Ulaze kwa mshazari ili nusu ya nywele ziguse jino na nusu nyingine ziguse pale ufizi unapoanzia, uzungushe taratibu. Upande wa nje ndio wenye shida, kwa kuwa ule wa ndani ulimi husaidia kuusafisha, hivyo huna haja ya kumpanua kinywa kwa nguvu. Usilisahau gego kubwa la juu. Mfereji wa mate hufungukia shavuni karibu nalo, na ndiyo maana ukoga hupenda kuanzia hapo. Nusu dakika kila upande inatosha. Mbwa akinguruma, acha, ujaribu tena kesho kwa hatua ya nyuma zaidi, na kazi hii isiachiwe mtoto.

Swali ambalo hukuliuliza, lakini wengi huuliza, ni la mara ngapi. Kila siku. Najua jinsi asubuhi za Nairobi zilivyo, na siku 3 au 4 kwa wiki ni bora kuliko kutofanya kabisa, lakini kumbuka kwamba utando huanza kuganda ndani ya siku 2 au 3, kwa hiyo anayepiga mswaki Jumapili peke yake anasugua juu ya jiwe. Kwa Maltese wako jambo hili lina uzito zaidi, maana mbwa mdogo ana meno 42 sawasawa na German Shepherd, na yote yamebanana katika taya lisilozidi kidole chako cha shahada kwa urefu. Mbwa wadogo ndio wanaopoteza meno mapema, na taya lao jembamba likiliwa na ugonjwa linaweza kuvunjika kwa kishindo kidogo tu.

Ukinunua vitafunio au vimiminika vinavyodaiwa kusafisha meno, tafuta alama ya VOHC, yaani Veterinary Oral Health Council, baraza la Marekani linaloshughulikia afya ya vinywa vya wanyama. Tangu mwaka 1997 baraza hilo limekuwa likipitia majaribio ya bidhaa hizo na kuziruhusu kubeba alama yake zile zilizothibitika kupunguza utando au ukoga. Bidhaa isiyo na alama si lazima iwe mbovu, lakini hapo unanunua neno la muuzaji.

SWALI: Shikamoo daktari. Mbwa wangu wawili, waliozaliwa hapa hapa nyumbani, wana mabaka ya kahawia kwenye meno tangu walipoota meno ya ukubwani. Nimesugua sana, hayatoki. Watu wengi wa kwetu nao wana meno ya namna hiyo. Je, ni maji? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Marahaba. Inawezekana kabisa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia maji floraidi, na chemchemi na visima vingi vya upande wenu vina kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi iliyozidi huliharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, kabla halijachomoza, na meno ya ukubwani ya mbwa hujengwa katika miezi yake ya kwanza. Baka la namna hiyo limo ndani ya jino lenyewe, hivyo hakuna mswaki utakaolitoa, na kulisugua kwa mchanga au mkaa, kama nilivyowahi kuona, ni kulila jino.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kujiuliza kabla ya kuyalaumu maji. Je, mama yao alipokuwa na mimba, au wao wenyewe walipokuwa wachanga, walichomwa sindano ya oksitetrasaikilini, ile ambayo wafugaji huiita OTC? Dawa hiyo ya ng'ombe imejaa katika stoo zetu na hutumiwa kwa kila mnyama anayekohoa, nayo hulitia jino linalojengwa rangi ya manjano au kahawia isiyofutika. Na je, waliwahi kuugua distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, wakiwa wadogo? Anayenusurika mara nyingi huota meno yenye vishimo na ngozi ya nje iliyomomonyoka.

Pitisha ukucha. Kama kuna kitu kilichojenga juu ya jino karibu na ufizi, huo ni ukoga na unasafishika hospitalini. Kama ukucha unateleza juu ya jino nalo ni gumu, mabaka hayo hayamuumizi, yaache. Kama lina vishimo na mbwa hushtuka likiguswa, daktari alione. Kwa watoto watakaozaliwa baadaye, mpe mama na wao wenyewe maji ya mvua mkiweza kuyakinga.

SWALI: Mtoto wa mbwa wetu ana miezi 7 na ana chonge mbili mbili kila upande wa juu, nyembamba na nene zimesimama pamoja. Je, ile nyembamba itaanguka yenyewe? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwa umri huo haielekei. Mbwa huota meno 28 ya utoto, nayo huanza kuyapisha ya ukubwani akiwa na umri wa takriban miezi 4. Chonge hufuata kwenye mwezi wa 5 au wa 6. Jino la utoto lililogoma kutoka hulisukuma la ukubwani pembeni na huacha upenyo wa kunasa chakula. Lazima ling'olewe, lakini si kwa koleo nyumbani, kwa sababu mzizi wake ni mrefu na mwembamba, hukatikia ndani, na la pili linaweza kuharibika. Kama mlikuwa na mpango wa kumhasi au kumfunga kizazi, yote mawili hufanywa kwa nusukaputi moja.

SWALI: Salaam aleikum daktari. Mbwa wetu wa ulinzi kwenye bohari alivimba chini ya jicho la kulia. Tulidhani ameumwa na nyuki au kapigwa jiwe. Alichomwa antibayotiki, uvimbe ukaisha, na baada ya wiki chache ukarudi, ukapasuka na kutoa usaha. Sasa ni mara ya tatu. Jicho lenyewe ni zima. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wa aleikum salaam. Inua mdomo wa juu upande huo huo wa kulia ulitazame gego kubwa. Nashuku sana kwamba utakuta limepasuka upande wa nje, au lina nukta nyeusi katikati, au limefunikwa na ukoga hadi halionekani. Jino hilo lina mizizi 3, na ncha zake ziko ndani ya mfupa wa shavu chini kidogo ya jicho. Linapovunjika hadi ndani, bakteria hupenya kwenye kiini chake hadi mizizini, usaha ukajikusanya na kutafuta njia ya kutokea, ambayo huwa ni ngozi ya shavu.

Antibayotiki huwapunguza bakteria waliozunguka mzizi, ndiyo maana uvimbe hunywea na kila mtu hufurahi. Haiwezi kufika ndani ya jino lililokufa, kwa kuwa damu haiingii humo tena. Ukimrudishia sindano ya nne, utakuwa unawafundisha bakteria kuizoea dawa. Tiba ni kuling'oa jino hilo au kulitibu mizizi, na hapa kwetu ni wachache wenye vifaa vya kutibu mizizi, kwa hiyo mara nyingi tunang'oa. Gego la mizizi 3 haling'olewi kwa kulivuta. Hugawanywa kwanza, kila mzizi ukatolewa peke yake, mbwa akiwa amelala fofofo. Usiogope kwamba atashindwa kula. Wenye mbwa hushangaa kumwona kesho yake akila kwa hamu ambayo hawakuiona kwa miezi, kwa kuwa alikuwa na maumivu ambayo hakuwa na namna ya kuyasema.

Na mkague anachotafuna huko bohari. Mbwa wa ulinzi wenye kuchoka kukaa peke yao hutafuna mawe, minyororo na nondo za lango.

SWALI: Mbwa wangu ana miaka 10. Daktari mmoja anasema asafishwe meno kwa nusukaputi, lakini kuna kijana anayepita majumbani ambaye hukwangua ukoga mbwa akiwa macho, kwa bei ndogo, na meno hutoka meupe. Kwa nini nihatarishe maisha yake? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Kwa sababu meupe hayo ndiyo yatakayokudanganya. Kijana huyo anakwangua sehemu inayoonekana, nami nimeeleza kwamba ugonjwa uko chini ya ufizi, mahali ambapo hakuna mbwa aliye macho atakayekubali kuchokonolewa. Chuma chake pia huacha mikwaruzo kwenye jino, na utando hushika haraka zaidi kwenye jino lililokwaruzwa na ambalo halikung'arishwa baada ya hapo. Mbaya kuliko yote, utaridhika, na huku chini mfupa unaendelea kuliwa.

Mbwa aliyelazwa huwekewa mpira kwenye koo la hewa ili maji na uchafu visiingie mapafuni, kila jino hupimwa kina cha upenyo wake, ambao kwa mbwa mwenye afya hauzidi milimita 3, na penye mashine, taya hupigwa eksirei. Wasiwasi wako kuhusu umri una msingi, lakini umri peke yake haumzuii mbwa. Kinachomzuia ni moyo, figo au ini visivyofanya kazi vizuri. Omba damu ipimwe kabla, moyo usikilizwe, na uulize bila haya ni nani atakayekuwa akimwangalia pumzi na mapigo wakati daktari akishughulika na meno. Kama jibu ni kwamba hakuna mtu, tafuta hospitali nyingine.

SWALI: Daktari, mbwa wangu tangu jana anatokwa na mate, taya la chini limening'inia, hali wala hanywi, na sauti yake imebadilika. Nadhani mfupa umemkwama. Nataka kuingiza mkono nimtoe. Hajawahi kuchanjwa. (Mfugaji, Bariadi)

JIBU: Barua hii tuliijibu kwa simu siku ile ile ilipotufikia, na tunaichapisha kwa ajili ya wengine. Usiingize mkono. Taya lililolegea, mate yasiyomezeka na sauti iliyobadilika ni dalili za kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza, ambacho hakina ukali wowote na kwa hiyo huwapotosha hata watu wazoefu. Mfupa uliokwama upo, na mara nyingi mbwa wa namna hiyo huchangamka na kujikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, lakini kwa mbwa asiyechanjwa hakuna anayeweza kutofautisha kwa kumtazama tu. Virusi vimo katika mate, na mchubuko mdogo wa kidole unatosha kuviingiza.

Mfungie mahali peke yake bila kumgusa, watoto wawe mbali, na mwite daktari wa mifugo wa serikali. Yeyote aliyeng'atwa au ambaye mate yameingia kwenye jeraha lake, macho au mdomo aoshe sehemu hiyo kwa maji yanayotiririka, na jeraha alioshe pia kwa sabuni, kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje, maana dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa akifa kabla ya kuonwa, mzoga usizikwe wala kutupwa kabla ya kuitaarifu ofisi ya mifugo ya wilaya, kwa kuwa ubongo wake unahitajika kwa vipimo vya maabara.